Nafasi Tupu Mbele ya Wimbo

Jumapili, Mchinga. Mawingu tangu alfajiri, mvua haitaki kunyesha wala kwenda zake. Nami nimeamka na moyo mzito, kwa sababu mama yangu haongei nami vizuri tangu jana.

Si kwamba amenuna kabisa. Nilipomwamkia aliitikia, "Marahaba," akarudi kwenye cherehani yake. Lakini namjua. Marahaba ya mama huwa na mkia mrefu: umelalaje, umekula nini, mbona macho mekundu. Leo haikuwa na mkia.

Kosa ni langu, ngoja nieleze.

Mama mkubwa, dada yake mama, alifariki kabla sijazaliwa. Hakuna picha yake hata moja. Kilichobaki ni wimbo wa kutwangia aliouimba akiwa binti mdogo kule Rondo, mjomba Saidi akaurekodi kwa redio kaseti yake. Mwezi uliopita niliuhamishia kwenye kompyuta, na nashukuru niliwahi, maana kanda yenyewe ilikatika muda mfupi baadaye. Nikauhifadhi kwa FLAC, aina ya faili isiyotupa hata chembe ya sauti. Jana nikautia kwenye simu ya mama, awe anamsikia dada yake huku anashona.

Akaufungua. Kwenye kioo pakatokea jina la mwimbaji: Tabu.

Akazima simu.

"Hilo jina umelitoa wapi?"

Nikamwambia nimelisikia kwenye kanda, mjomba anasema, "Haya Tabu, imba."

"Mtu akishachezwa, jina la utoto haliitwi tena. Wewe hukuchezwa, ndiyo maana unaropoka. Dada yangu amekufa mtu mzima, mke wa mtu. Leo unamvua heshima yake kwenye simu?"

Ni kweli, sikuchezwa unyago. Nilikuwa shule ya bweni. Lakini siwezi kujifanya mgeni. Kwetu Wamwera, mtoto akiingia unyagoni anatoka na jina jingine, na kumwita mtu mzima kwa lile la zamani ni tusi. Nilijua. Nilidhani tu kwamba kwenye kompyuta haina neno.

Nilitaka kumpa mama zawadi, nikampa tusi.

Kilichoniuma zaidi ni alivyosema hatausikiliza tena. Miaka yote hiyo hajaisikia sauti ya dada yake, na sasa ipo mfukoni mwake, anajinyima kwa sababu yangu.

Leo asubuhi nikamwambia nitalibadilisha jina. Badala ya kufurahi, akashtuka. "Usiguse! Utamfuta."

Hapo nikamwelewa. Mama ni mtu wa kanda. Kwenye kanda, ukirekodi kipya, cha zamani kinakufa. Alikuwa hataki lile jina libaki, na anaogopa likiondoka litaondoka na sauti.

Ukweli ni kwamba faili la namna hii mbele lina maelezo: jina la wimbo, la mwimbaji, na kadhalika. Nyuma ndiyo sauti yenyewe. Katikati, programu huacha nafasi tupu, sifuri zimejipanga hazina kazi yoyote ila kusubiri. Ukiandika jina refu zaidi, maandishi yanaingia kwenye nafasi hiyo, nayo inapungua kwa kiasi kilekile. Sauti haisogei hata kidogo. Nafasi isipotosha, labda umebandika picha kubwa, ndipo programu hulazimika kuliandika faili lote upya. Mtandaoni wapo wanaofundisha kuiondoa ili faili lipungue. Nilikusudia kufanya hivyo, nikaona uvivu. Kuna uvivu wa heri.

Lakini utamwambiaje mama habari za sifuri? Mkononi alikuwa na sketi ya shule ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Mama, huu upindo mrefu wote wa nini?"

"Mtoto anakua. Mama yake atafumua hapa chini, asishone nyingine."

"Basi na faili lina upindo. Nafumua pale tu, kitambaa chenyewe sikigusi."

Akanitazama kwa muda, kama anayepima iwapo namdanganya.

"Haya. Andika Zainabu. Zainabu binti Athumani."

Nikaandika mbele ya macho yake, nikamwonyesha ukubwa wa faili kabla na baada. Uleule. Akasogeza uso karibu na kioo, akalisoma jina la dada yake taratibu, midomo ikicheza.

"Nafasi bado ipo?"

"Ipo, mama."

Akauvuta uzi, akaukata kwa meno.

"Basi na mimi niandike. Yule anayeitikia ni mimi."

Nimeusikiliza wimbo ule mara nyingi sana nikiupunguzia mikwaruzo. Kuna kisauti chembamba huko nyuma kinachoitikia, kila mara kinachelewa kidogo. Nilidhani ni mtoto wa jirani aliyepita. Siku moja nilifikiria hata kukipunguza, nikiona kinaharibu.

Nikaandika Mariamu binti Athumani, jina lake la ukubwani, bila kuuliza. Kisha mama akabonyeza mwenyewe. Dada yake akaimba, na ilipofika zamu ya kuitikia, mama akaitikia hapa chumbani kwa Kimwera, polepole, naye akachelewa vilevile. Mimi sijawahi kumsikia mama yangu akiimba. Nililia, naye akaniacha nilie.

Sasa ameurudia tena, nami nimekaa kizingitini naandika haya huku nawasikiliza wote wawili. Najiuliza: ni mara ngapi mama yangu amekuwa mbele yangu hivi, nami nikadhani ni mtu anayepita?