Jina la Ukoo

Dada, sikia haya. Leo nimekaa na mpokea simu za dharura nione anavyotumia ile programu ya kutuma magari ya wagonjwa iliyotengenezwa na ofisi yetu, akaniachia kiti chake nijaribu.

Simu ya kwanza tu, mwanamke analia: "Mama hapumui!" Anwani ninayo. Nabonyeza TUMA GARI, inagoma. Nabonyeza tena, inagoma! Maandishi mekundu: "Jaza jina la ukoo."

Jina la ukoo! Mtu hapumui!

Mwenye kiti akanipiga kikumbo, akaandika "Mjinga", gari likaondoka. Mama wamemuwahi, yuko hai.

Nikamuuliza, "Mjinga ndiye nani?"

"Aliyetengeneza hiki kidude. Sote hapa huandika hivyo."

Dada, ile sehemu ya jina la ukoo niliiweka mimi. Na kila mwezi natamba ofisini kwamba hakuna anayeiacha wazi.