Zahanati Isiyo na Feni

Wewe mjukuu wangu mchora majengo,

Nani alikufundisha kumtumia kaka yako ramani iliyokwisha, kana kwamba uhandisi wake ni kushona vifungo tu?

Jana nilikwenda kupimwa presha kwenye zahanati mliyoijenga wewe na kaka yako. Nje jua linachoma, ndani nikajifunika mtandio! Hakuna feni, hakuna taa iliyowashwa, na muuguzi anaandika bila kukaza macho. Mama mmoja akauliza, "Bibi, ubaridi huu unatoka wapi?" Nikamjibu, "Tumboni mwangu, mwanangu. Wajukuu zangu ndio wajenzi." Nilishapewa dawa, lakini sikuondoka, nilikuwa bado nasikiliza sifa.

Zahanati ile mliichora kwenye meza moja. Wewe ukiweka dirisha, yeye anakuonyesha upepo utakapopita, mnagombana, mnafuta. Sasa umepewa shule uichore, umejifungia peke yako, na madirisha yote yanatazama jua la mchana. Kaka yako anasema kila darasa litahitaji mashine ya kupoza. Hakukusema vibaya, ila chakula changu alikiacha sahanini.

Kichwa chako kizuri, lakini ni kimoja. Beba ramani hiyo uende kwake kesho, na ukuta wa kwanza uufute mbele ya macho yake.

Bibi yako