Ndama wa Kilo Sitini

Shikamoo, Baba.

Najua hutaitikia. Nimekuamkia kwa mazoea tu, na kwa sababu naogopa na sina wa kumwambia.

Tangu tukuzike Gitting mambo yamegeuka. Majosho ya serikali yamekauka, dawa za mifugo zinauzwa madukani kama sukari, na bwana mifugo wa kutembea zizi hadi zizi kama wewe siku hizi ni wa kutafutwa. Mimi niko Mbulu mjini, kwenye kampuni inayotengeneza programu ya simu. Mfugaji anaandika uzito wa mnyama, simu inamwambia dozi ya sindano. Kazi yangu ni kusoma masharti ya wataalamu na kuwaeleza vijana wa kompyuta hesabu yake.

Sharti moja limeninyima raha, la ile dawa kali ya ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Linasema uzito upandishwe hadi hamsini kamili inayofuata, yaani hamsini, mia, mia na hamsini, ndipo dozi ihesabiwe. Mstari unaofuata unasema dozi isizidi ile ya uzito halisi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Nimesoma mpaka macho yakauma. Ng'ombe wa kilo mia nne themanini akihesabiwa mia tano, hana neno. Lakini ndama wa kilo sitini anahesabiwa mia! Hiyo si dawa tena, Baba. Ni sumu.

Ndipo nikakukumbuka kule kijijini Gendabi, umesimama juu ya mizani ya mahindi na ndama mchanga kifuani, kisha unamshusha, unajipima mwenyewe, unatoa uzito wako kwenye ule wa pamoja. Wafugaji wakacheka: "Bwana mifugo, leo unapima ndama au tumbo lako?" Ukawajibu, "Mkubwa namkadiria kwa macho. Huyu mdogo hana pa kuweka kosa langu."

Nikaelewa. Kupandisha kuliwekwa kwa ajili ya wakubwa, wasipate dawa pungufu ugonjwa ukaizoea. Mstari wa pili unawalinda wadogo, na mistari hiyo ikigombana, huo ndio unaopaswa kushinda. Nikamweleza mkuu wangu. Akasema, "Paskalina, hayo tutarekebisha baadaye. Kesho tunazindua programu kule Gendabi, iende kama ilivyo."

Nikibisha, kibarua kitaota nyasi, na wajukuu zako wanasubiri ada. Nikinyamaza, wale wazee wa Gendabi watamwona binti wa bwana mifugo amesimama pale, nao watatoa ndama wao wachomwe sindano bila kuuliza swali. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Wataniamini kwa ajili yako.

Pumzika, Baba. Nakuahidi hivi: kesho nitapanda basi la kwanza, niwatangulie wakubwa wangu, niwaambie wafugaji wasitoe ndama hata mmoja. Nitaogopa njia nzima, lakini nitafika.

Binti yako,
Paskalina