Mkono wa Sesilia

Anastasia mdogo wangu,

Mguu wako unakanyaga sasa? Na huko Kipili dagaa wanapatikana? Mimi nipo, baridi ya Sumbawanga inanitafuna magoti, ila bado nafua. Anayeniandikia ni katekista, anasema nifupishe, karatasi ni moja. Haya.

Mdogo wangu, ile picha ya Sesilia haiji. Nimeiharibu mimi.

Memsabu ninayemfulia, mke wa bwana anayesimamia ujenzi wa barabara, alimchora Sesilia mwanao akitoka kisimani, kabla homa haijamchukua yeye na mtoto wake. Baada ya kuzika nikamwomba picha ikufikie wewe, uliyeshindwa kuja hata kutupa udongo. Akakubali. Basi mdomo wangu huu. Nikasema, mbona mgongoni hana mtoto? Sesilia alikwenda kisimani lini bila mtoto? Memsabu akasema rangi hizi za maji kuzirekebisha ni kazi, kosa halifunikwi kama ukuta unavyofunikwa na chokaa. Nikamsumbua siku mbili. Akalowesha mgongo kwa brashi, akabonyeza kitambaa taratibu, rangi ikahamia kitambaani. Ilipokauka akamweka mtoto, kichwa na kamguu kamoja. Nikalia, alikuwa yeye kabisa. Akaniambia niiache imelala mezani hivyo hivyo, akatoka.

Mimi dobi, Anastasia. Kitu kibichi nakianika. Nikaibana kwenye kamba pamoja na shuka, nikaenda kuwasha mkaa wa pasi. Kurudi, mtoto anatiririka, ameshafika miguuni kwa mama yake. Nikachukua kitambaa cha maji nikasugua, kama ninavyosugua doa la mchuzi. Uso wa Sesilia ukafutika. Karatasi ikatoboka.

Memsabu hakunigombeza, alikaa tu chini. Nikamwambia, “Mrudishe.”

Akasema, “Katarina, nilimchora nikimwona. Sasa nitamwona wapi?”

Kimepona kipande cha juu: mtungi na mkono ulioushika, na kile kidole kilichopinda tangu alipoungua na uji jikoni kwako. Ukaninunia mwaka mzima kwa sababu nilikuwa mimi namwangalia. Hicho kipande Memsabu amekikata kwa mkasi, kimo humu ndani ya barua.

Nisalimie shemeji, nyavu zake zimpe. Msalimie na shangazi yetu msuka mikeka, usimsomee yote, moyo wake mdogo.

Ukitaka kulia, kiweke mbali kwanza. Hakivumilii maji.

Ni mimi dada yako Katarina, na kidole gumba changu hiki hapa chini.