Kioo Kinachokunywa

Elisabethville, Jumapili

Baba Ilunga, mwalimu wangu,

Nimekausha elektrodi yako, kile kioo cha kupimia asidi. Naanza na hilo, maana ungeligundua tu. Wiki moja baada ya kukuzika, vita viliingia mjini na maabara ya kiwanda ikafungwa. Nikajitia uangalifu: nikaifuta ile fimbo ya kioo, nikaiviringisha kwa pamba, nikaiweka sandukuni kama Mama anavyohifadhi sahani za wageni. Ulikuwa ukiniambia, "Hii kioo inakunywaka mayi, mutoto," nami nikacheka, nikidhani kioo kunywa maji ni mizaha yako.

Tuliporudi, sindano ya mashine ya kupimia ilizurura. Asidi ya kuyeyushia shaba ikasoma karibu sawa na maji ya bomba! Elektrodi nyingine haiji. Tangu reli ya Sakania inayotuletea mizigo ivurugike, hata sabuni ni ya kutafuta. Mkuu mpya wa maabara akanipa siku tatu: isipopona, narudi kuosha chupa, na ile meza ya vipimo uliyonipigania nipewe inafungwa.

Nikailoweka kwenye maji yenye asidi kidogo, nikaketi na vitabu vyako vya Kifaransa. Baba, kumbe hukutania! Ngozi ya kile kitumba cha kioo kwenye ncha ya fimbo hunyonya maji na kuvimba kidogo tu, na hapo ndipo hidrojeni ya majimaji tunayoyapima hupata pa kushika. Ndani ya kitumba mna majimaji ambayo asidi yake tunaijua. Tofauti ya ndani na nje huzaa umeme mdogo mno, na fimbo ya pili, isiyojali asidi, ndiyo ya kulinganishia. Kioo kikikauka, hidrojeni haina mlango. Lakini kwa nini kioo hiki kinywe, na cha dirisha kisinywe? Hapo sijaelewa, na nimekasirika kwamba umeondoka kabla sijakuuliza.

Siku ya tatu nikaitumbukiza kwenye chupa ya majaribio, ile ambayo kipimo chake ni saba, si asidi wala magadi. Sindano ikapanda polepole, polepole... ikasimama kwenye saba. Nikageuka kukuita. Jina lako lilikuwa limeshanitoka mdomoni, na wenzangu wakaacha kazi wakanitazama.

Lala salama, Baba. Nakuahidi sitaacha kuuliza. Na nikijisahau tena nikakuita, usiitike, utawatisha wenzangu. Mimi nitangoja kidogo tu, kisha niendelee na kazi.

Mwanafunzi wako,
Kasongo