Nilichoandika Nyuma ya Simu ya Sekela

Fundi Mshamu,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikikuandikia bila kukuamkia mkono wenyewe unagoma. Ulinizoesha vibaya. Miaka sita nilikaa kwako kujifunza kazi, na kila asubuhi hukushika bisibisi kabla hujaniambia "marahaba" na kuniuliza kama nimekula.

Nakuandikia nikiwa dukani. Mvua inanyesha, ingawa hiyo si habari kwa mtu aliyeishi Tukuyu miaka mingi kama wewe. Mkeo Bi Zuhura hajambo. Miguu bado inamsumbua, na bado anakulalamikia kwamba uliondoka bila kurekebisha bomba la jikoni. Nimelirekebisha mimi. Linavuja bado, ila sasa anamlaumu mtu aliye hai, na nadhani hilo limemsaidia. Kibao cha nje sijakibadilisha, kina jina lako. Watu wananiita fundi, nami mara nyingine nageuka kukutazama nione unajibu nini.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kosa langu. Ningependa ulisikie kwangu mwenyewe.

Unakumbuka siku niliporudi kutoka Mbeya na ule utepe wa karatasi unaonata? Nilikuwa nimewaona mafundi wa kule wakibandika kipande nyuma ya kila simu: jina la mwenyewe, ugonjwa wa simu, na namba ya siri, au ule mchoro wa kuunganisha nukta. Nikaona huo ndio utaalamu. Wewe ulikibandua kile kipande changu cha kwanza, ukakisokota vidoleni, ukasema, "Bupe, mtu kakuletea mlango wake uutengeneze, wewe unamwachia ufunguo barabarani." Hukupandisha sauti. Kwako wateja walikaa kwenye benchi wakasubiri, na ikifika wakati wa kujaribu simu waliifungua wenyewe. Aliyekuwa na haraka ulimwelekeza kwa fundi mwingine, kwa heshima zote, kana kwamba umemfanyia hisani.

Na zile Jumamosi zako baada ya swala ya alasiri. Tulikuwa watano, tukizidi sana saba, tunakunywa chai ya tangawizi huku ukitueleza usimbaji fiche, ule uliouita ufunguo wa meseji, yaani jinsi ujumbe unavyovurugwa ndani ya simu ya anayetuma ukaja kupangwa upya ndani ya simu ya anayepokea, hata kampuni inayoubeba isijue umesema nini. Ulisoma mahali kwamba katika nchi nyingine wakubwa wanataka makampuni yaache kimlango ndani ya ufunguo huo, cha kukamatia wahalifu. Ulikasirika siku hiyo. Ulisema ukitoboa ukuta ili askari apite, mwizi naye ana macho. Ukaandika barua kwa mbunge, tukaweka saini zetu, haikujibiwa. Ukaandika nyingine. Nilikuwa nakucheka kimoyomoyo, nisamehe. Niliona ni mambo ya mzee mwenye nafasi.

Ulipofariki, baada ya arobaini, kazi zilinijia nyingi kuliko tulipokuwa wawili. Labda watu walikuwa wananipa pole kwa njia hiyo. Benchi lilijaa, watu wakaanza kununa, wengine wakataka kuwahi gari. Nikanunua utepe. Nikajiambia ni kwa muda tu, mpaka nizoee.

Ndipo akaja Sekela. Hukuwahi kumjua. Ni mkulima wa parachichi kule Masoko, mama wa watoto watatu, mpole lakini mtu wa kuuliza maswali. Simu yake ilimponyoka shambani, kioo kikapasuka. Nilimwambia aniachie, aje kesho. Nikamwomba anioneshe mchoro wake, nikauchora kwenye utepe chini ya jina lake, nikaubandika. Akautazama. "Nyuma ya simu?" aliniuliza. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nisilolijua ni kwamba ndani ya simu ile kulikuwa na grupu la wakulima kumi na mmoja wa kikundi chao, kwenye ile programu yenye ufunguo ambayo wewe uliwafundisha wengi kuiweka. Walikuwa wanashauriana kuhusu mizani ya wakala anayenunua matunda yao. Waliona kreti moja inapungua uzito kutoka nyumbani hadi barabarani. Walikuwa wamepanga siku ya kukusanya mzigo waje na mizani yao wenyewe, wote kwa pamoja, bila kumtahadharisha.

Wakala huyo aliingia dukani asubuhi iliyofuata kununua chaja. Nilitoka kwenda duka la pili kuazima gundi, nikamwacha amesimama kaunta, na simu ya Sekela ikiwa chali mbele yake, kioo kipya kimeshakaa. Nilichelewa kidogo, unajua wanavyopenda kupiga soga pale. Niliporudi simu imelala kifudifudi. Yeye anatabasamu, ananiambia chaja ni nzuri.

Nilijua, Fundi. Pale pale nilijua ameifungua. Nikafanya kama sijaona.

Wiki ile ile gari lilifika Masoko kuchukua mzigo. Matunda ya wale kumi na mmoja yalikataliwa, ati hayajakomaa. Ya wengine wote yalikuwa yamekomaa. Parachichi haisubiri mtu. Zililainika kwenye kreti, nyingine wakawapa nguruwe. Kisha likaja swali la nani aliyemwambia wakala. Wakahesabu nani alikwenda mjini siku zile, likapatikana jina moja. Wenzake wakaacha kumpitia wakienda kulima. Kanisani, benchi alilokaa yeye lilikuwa na nafasi kulia na kushoto.

Alikuja kunieleza mwenyewe, siku aliyoleta simu ya mumewe. "Wanasema nimewauza, Bupe." Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia tu. Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu pole.

Wiki tano nilikaa na neno lile. Nikitaka kulisema nawaza duka, nawaza kibao chenye jina lako, nawaza Bi Zuhura anakula nini. Sababu nzuri nzuri zote zilikuwa upande wangu, hakuna hata moja iliyokuwa upande wa Sekela.

Halafu mwenyekiti wa kikundi chao akanipigia simu. Walikuwa wameamua kuitisha mkutano: kamati ya wazee watatu ikague simu ya kila mwanachama, na lile grupu lenye ufunguo livunjwe. Asiye na siri hana cha kuogopa, alisema. Akaniomba niende kama fundi, niwafungulie zitakazokataa kufunguka. Nilienda, Fundi. Niliweka makaratasi yako ya zile Jumamosi kwenye mkoba nikajiambia nitawatetea bila kulazimika kujitaja.

Mkutano ulikuwa kwenye godauni lao. Nilisimama nikasema ya kwako yote: kwamba katiba ya nchi inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake, kwamba simu ya mtu si mfuko wa kikundi, kwamba ufunguo ukivunjwa kwa ajili ya mbaya mmoja wema wote wanalala mlango wazi. Nadhani nilisema vizuri. Mama mmoja aliendelea kusuka ukili. Mwenyekiti akanishukuru, akachukua simu ya kwanza, ya Sekela bila shaka, akaisukuma mezani kwa mzee wa kamati aliyekaa karibu.

Mzee huyo ni Ambokile, baba mkwe wa Sekela.

Hapa inabidi nikukumbushe siku ile baba mkwe wangu alipoingia dukani kununua betri ya redio, nikajificha nyuma ya kabati, ukamhudumia wewe huku umebana kicheko. Kwenu pwani mkwe anamletea baba maji ya kunawa. Kwetu Wanyakyusa wa zamani mkwe wa kike na baba wa mumewe hukwepana, njiani mmoja anapisha, jina lake halitaji, mbele yake hali chakula. Vijana wanaacha, lakini wazee wa Masoko bado wamo humo. Mzee Ambokile alirudisha mikono yake nyuma kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi mama huyu akipita napisha njia. Leo nisome anachomwandikia mwanangu?"

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, maana kila mmoja alianza kuhesabu. Kila mzee wa kamati alikuwa na mkwe ndani ya godauni lile, na kila mke alikuwa na mzee wake. Mambo ya katiba yaliwapita, lakini hili waliliona mara moja, na sikuona aibu kwamba mila imesema vizuri kuliko mimi. Nilidhani yameisha. Nilianza hata kukunja makaratasi.

Mwenyekiti hakuwa mjinga. Akasema basi asome fundi, yeye si mkwe wa mtu humu. Wote wakanigeukia, na simu ikasukumwa hadi mbele yangu.

Ningeweza kukataa kwa maneno mazuri, nikapigiwa makofi nikarudi Tukuyu nikiwa mtetezi wa haki. Sekela alikuwa anatazama sakafu. Hakuwa na sura ya mtu anayeogopa kusomwa, alikuwa amechoka tu. Nikasema, "Simu hii nilishaifungua kwa watu. Sekela hakuwauza. Ni mimi." Nikawaeleza utepe, gundi, chaja, vyote.

Hakuna aliyenifokea. Yule mama wa ukili ndiye aliyeniuliza, taratibu kabisa, nimelijua jambo hilo tangu lini. Nikamwambia tangu siku ile ile. Akarudia kusuka. Nimeulizwa maswali mengi tangu hapo, hilo ndilo linaloniamsha.

Ukaguzi haukufanyika. Mkutano uliofuata waliingiza kwenye kanuni zao kwamba simu ya mwanachama haifunguliwi ila kwa mkono wake, au kwa amri ya mahakama, na grupu lao limebaki na ufunguo wake. Waliomba pia ile barua yako kwa mbunge, wakaweka saini. Mzee Ambokile aliweka dole gumba. Wengine hawakutaka kushika karatasi inayotoka mkononi mwangu, na Sekela hakusaini. Mwenyekiti alisimama akamwomba radhi mbele ya watu, wenzake wakafuata mmoja mmoja. Mimi nilikwenda nyumbani kwa kila mmoja wa wale kumi na mmoja. Wapo walionikaribisha ndizi, na yupo aliyeniongelesha akiwa ndani, mlango umefungwa. Nilisema niliyokwenda kusema, nikaondoka.

Nilipomwambia Bi Zuhura, alikuwa anachambua mchele. Alichambua mpaka ukaisha. Kisha akasema ungekasirika siku mbili, halafu ungeniuliza kama nimekula. Nililia, nami si mtu wa kulia mbele ya watu, unanijua.

Benchi sasa lina nafasi. Wapo wanaosema mimi ni fundi wa kuuza siri za watu, na siwezi kubishana nao. Utepe niliutupa. Nimewapitia mafundi wenzangu wa sokoni kuwaomba nao wautupe. Wawili wamekubali, mmoja amenicheka, nitarudi kwake. Jumamosi tumeanza tena kukutana, na chai ya tangawizi bado naipika vibaya.

Juzi Sekela alikuja. Ni mara ya kwanza tangu mkutano. Simu ilikuwa haiingizi chaji. Alikaa, hakuuliza habari za nyumbani, nami sikujaribu kumchekesha. Nilisafisha tundu la chaji, nikampa simu tuijaribu. Akanipa mgongo, akachora mchoro wake, akanirudishia. Ilikuwa imepona. Akasema ndaga, asante ya kawaida tu, akaondoka na mwavuli wake.

Sijui kama amenisamehe. Sikumwuliza.

Mwezi ujao tunakwenda Matwebe na barua yako, kukusanya saini za huko. Nitahitaji kuwaeleza kwa nini mtu wa migomba aujali ufunguo wa meseji, na habari ninayoijua vizuri ni hii moja. Kwa hiyo, Fundi, ahadi yangu ni hii. Kabla ya kwenda nitapanda hadi Masoko, nimwombe Sekela ruhusa. Akinipa, nitasimulia yote. Akininyima, nitalisimulia kosa langu peke yake, na jina lake sitalitamka, hata watu wasipoelewa, hata wakiondoka bila kusaini.

Pumzika, baba. Bi Zuhura anakusalimu.

Mwanafunzi wako,
Bupe