Kaburi la Mwenye Nyumba

4 Mei

Binti yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umevaa soksi. Mimi baba yako sijambo, ila goti langu linajifanya limenizidi umri. Hapa jua ni kali, mvua hatujaiona tangu Februari, na bomba limebaki kukohoa.

Kobe wetu, Mwenye Nyumba, hajambo kabisa. Jana amekula matango mawili, akazunguka uani mara sita, akalala ameshiba. Marehemu mama yako angefurahi kumwona. Anakusalimu sana.

Habari nyingine si kubwa. Nimemwaga zege kidogo kwenye kona ya uani, karibu na ukuta wa jirani. Zege la kawaida tu, usiwaze. Unasema huko kazini wanataka usaini mkataba wa miaka mitatu zaidi. Fikiri taratibu.

Ni mimi,
Baba yako


29 Mei

Shikamoo Baba,

Pole na goti. Mimi ni mzima, na soksi nimevaa jozi mbili. Huku hata jua likiwaka ni la kutazama tu.

Baba, barua yako nimeisoma mara tatu na haijanikaa. Unajua kazi yangu ni kutunza kobe kumi na wanne. Kobe wa aina yetu, kiangazi kikizidi, hazunguki uani mara sita. Hujichimbia ardhini, akajifungia ndani ya gamba, moyo ukapiga kwa nadra, pumzi ikawa ya kuvizia. Hali wala hanywi. Anaishi kwa akiba ya mwili wake mpaka mvua irudi. Kwetu hatukuwahi kuliona hilo kwa sababu Mama alikuwa akiimwagilia ile kona yake kila siku. Sasa huyo anayemaliza matango mawili katikati ya ukame ni kobe au ni mbuzi?

Halafu wewe ni mwashi wa miaka arobaini. Hujawahi kumwaga zege bila kunitajia vipimo. Kuna nini kwenye hiyo kona?

Nisalimie Mwenye Nyumba, kama yupo.

Mwanao


21 Juni

Binti yangu,

Salamu nyingi, na tafadhali kaa kwanza.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwa kobe wako kumi na wanne. Mwezi wa nne nilimkuta Mwenye Nyumba amejifukia nusu, baridi kama tofali. Nikamgonga gamba. Nikambembeleza. Nikampelekea tango mpaka puani. Kimya. Nikamwita jirani yetu muuguzi, yule mama wa bustani ya mchicha, akaja na kifaa chake cha kusikilizia moyo. Akasikiliza juu, akasikiliza chini, akavua miwani, akasema, "Poleni sana. Ametutoka." Mtu na kazi yake, ningebisha vipi?

Nikamzika. Futi mbili kwenda chini, na juu yake zege: saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu. Nikalinyweshea maji siku saba ili likomae, mwenyewe nikioga kwa kikombe. Mama yako alimpenda sana, nisingeweza kumfukia kama takataka.

Sikukwambia kwa sababu niliogopa. Mama yako hayupo. Nikasema, kobe naye akiondoka, huyu mtoto atarudi kwa nani? Kwa mzee na goti lake? Ungesaini ile miaka mitatu. Nisamehe, mwanangu.

Baba yako


9 Julai

Baba, VUNJA! Salamu baadaye.

Hakufa, amelala! Umemzika mzima! Chukua nyundo sasa hivi, anzia pembeni, na ukimfikia usimtikise. Huyo muuguzi ni wa watu, kobe hawajui.

Shikamoo.

Mwanao

N.B. Na nani kakwambia nikirudi huwa namfuata kobe?


30 Julai

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ilifika saa nne asubuhi. Saa nne na robo nilikuwa na nyundo na tindo mkononi. Miaka arobaini nimewaambia watu kwamba zege langu halivunjiki, wakadhani ni maneno ya fundi. Siku mbili! Mpini wa nyundo umekatika mara mbili. Nilikuwa nalia na kujisifu kwa pamoja.

Kufika chini, shimo tupu. Kuna njia tu, pana kama sufuria, imepita chini ya ukuta. Mvua ilikuwa imenyesha wiki moja kabla. Kumbe maji yalipenya pembeni, mwenzetu akaamka, akajichimbia zake. Nikapanda ngazi nikachungulia kwa jirani. Mchicha wote chini, na Mwenye Nyumba katikati, jani mdomoni, udongo mpaka kwenye kope.

Muuguzi amekataa katakata. "Huyu ni kobe mwingine," anasema. "Yule nilimpima mwenyewe."

Shimo nimeliacha wazi. Na ile N.B. yako, siku nyingine uwe unatoa onyo kwanza, moyo wangu ni huu huu mmoja. Kama ni kweli, sema.

Baba yako


6 Septemba

Binti yangu,

Barua yako imefika. Nimesoma "Sijasaini, Baba, narudi", machozi yakaziba mengine yote. Nikaiweka chini nitafute kitambaa. Niliporudi, Mwenye Nyumba alikuwa ameila kona ya chini, pale ulipoandika tarehe. Yaliyobaki ni "nitashuka kituo cha mabasi siku ya".

Basi sina la kufanya. Kuanzia kesho nitakuwa hapo kituoni kila siku, basi la kwanza mpaka la mwisho. Nakuja na kigoda changu, na Mwenye Nyumba ndani ya karai. Aliyekula tarehe naye akae angoje.

Usinijibu barua hii. Nyumbani hakuna mtu wa kuipokea.

Baba yako